Dumuzi wa Tabora

Mwanachama afunguapo gunia la mahindi akamwona nondo mdogo wa rangi ya majani makavu akiruka, humlaani yeye. Nondo huyo ni mharibifu kweli, lakini yuko mwizi mkubwa kuliko yeye, naye haonekani upesi. Huyo ni dumuzi.

Dumuzi si nondo. Ni wa jamii ya mbawakawa. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na kidogo, rangi yake kahawia ya kukoza, na mwili mviringo kama kipande cha njiti. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, maana kimeinama chini ya kifua. Hana mkonga kama fukusi, na nyuma yake amekatika wima kana kwamba amepigwa kisu.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huku kwetu alitambuliwa Tabora mwaka 1981, na hudhaniwa kuwa aliingia pamoja na mahindi ya msaada. Wenyeji wakampa jina la lori, Scania. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Ujiji na ya Ziwa Nyanza. Leo ina reli na barabara, na mdudu husafiri ndani ya gunia bila nauli. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya, na mwaka 1984 Burundi.

Ubaya wake ni kwamba hutoboa kuliko anavyokula. Punje hugeuka unga. Huko Tabora yalipimwa mahindi ya magunzi yaliyokaa ghalani miezi 3 hadi 6, na mengine yalikutwa yamepungua uzito kufikia asilimia 34. Makopa huyamaliza vibaya zaidi, nasi visiwani twajua makopa ni nini mwezi wa njaa! Hutoboa hata miti mikavu, kwa hiyo ghala tupu lenye boriti kuukuu si salama.

Hupenda mahindi yaliyo katika gunzi, kwa kuwa punje zilizoshikana humpa mahali pa kujikaza. Ndiyo sababu wakulima wa Tabora walishauriwa kupukuchua mapema na kuchanganya dawa ya unga. Dawa ya fukusi peke yake haikumtosha. Ilibidi kuongezwa permethrini.

Gunia litokalo bara lisiingizwe ghalani kabla ya kukaguliwa. Likung'uteni juu ya mkeka mweupe. Mkiona unga mwingi na mdudu asiye na mkonga, mtieni chupani mkampelekee bwana shamba.