Vepu ya kwanza kwa mfuko mdogo: kabla hujauliza bei, uliza unaacha nini

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi kwenye karasha huko Bugarama, Halmashauri ya Msalala, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu. Ana miaka 24. Fegi alianza akiwa na 17, na sasa anamaliza kama kumi kwa siku. Nilipokwenda kuwasalimia mara ya mwisho, jioni tumekaa nje, akanionyesha simu yake. Imejaa picha za vidude vya rangi rangi.

“Dada, wewe si umesoma kemia? Nina elfu thelathini. Nichukue kipi cha kuanzia?”

Jibu la haraka lilikuwa “usichukue chochote”. Lakini huyu anavuta tayari, na kila asubuhi anaamka na kikohozi. Jibu hilo lingemwacha palepale alipo, na sigara yake mkononi. Nikamwambia anipe muda nimjibu vizuri. Hili ndilo jibu, na nadhani kuna wengi wenye swali kama lake.

Tuanze na sharti moja. Kama huvuti sigara, kifaa cha kwanza kizuri kwako ni kutokuwa nacho. Nikotini inajenga utegemezi, na hakuna faida yoyote ya mapafu unayopata kwa kuanza. Kuanzia hapa naongea na mtu mzima anayevuta na anayetaka kutoka kwenye sigara.

Ni kibatari cha kisasa

Vepu, au sigara ya kielektroniki, ukiifungua unakutana na kitu unachokijua. Ina tangi la kimiminika, kama mafuta ya kibatari. Ina utambi, mara nyingi wa pamba, unaonyonya kimiminika hicho. Tofauti ni kwamba badala ya kiberiti kuna koili, yaani waya mdogo uliozungushwa, unaopashwa moto na betri. Ukivuta, koili inapata joto, kimiminika kinageuka mvuke, mvuke unapoa na kuwa ukungu, unaumeza kifuani.

Toleo la kisasa la kifaa hiki lilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji. Kimiminika kina vitu vinne: propileni glikoli, gliserini (ndugu wa ile tunayopaka ngozi), ladha, na nikotini.

Jambo la msingi ni hili: sigara inaungua, vepu haiungui. Ncha ya sigara ukiivuta inafika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, na kuungua kwa tumbaku ndiko kunakozaa lami, kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali nyingine. Propileni glikoli inachemka kwenye nyuzi 188 na gliserini kwenye 290. Joto likiwa dogo, kemikali mbaya zinakuwa chache. Chache, lakini zipo.

Watu wa mwaloni hawahitaji kufundishwa hili. Ukichoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, zebaki inaondoka na huioni, lakini ukiinusa umeingiza sumu. Ukungu wa vepu nao si maji matupu. Watafiti wameukuta na nikeli, kromiamu na risasi kutoka kwenye vyuma vya kifaa chenyewe. Na koili ikikaukiwa kimiminika, pamba inaanza kuungua na zinatoka formaldehaidi na akroleini, vitu vinavyochoma koo na mapafu. Ukisikia ladha ya kuungua, acha kuvuta hapohapo.

Mapafu ya mtu wa karasha

Hapa ndipo Bugarama inapotofautiana na London au Dar. Dhahabu ya ukanda wetu, kuanzia Msalala hadi Geita, kwa sehemu kubwa imekaa kwenye miamba ya kwazi. Kwazi ni silika. Ukiisaga kavu unapata vumbi ambalo chembe zake ndogo hazifiki hata maikromita 4, wakati unywele wa kichwani una kama 70. Vumbi unaloliona likikaa kwenye nguo ni lile kubwa. Linalofika mwisho wa pafu hulioni.

Likifika huko, seli walinzi za mwili zinajaribu kulimeza kama zinavyomeza bakteria. Zinashindwa, zinakufa, na penye kifo chao panabaki kovu. Makovu yakizidi, ugonjwa unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Vumbi la silika pia linahesabiwa rasmi na mashirika ya afya kuwa kisababishi cha saratani ya mapafu.

Sasa ongeza sigara. Njia zetu za hewa zina vinyweleo vinavyofagia uchafu kuupeleka juu ili tuutoe au tuumeze. Moshi wa sigara unavilemaza. Kwa hiyo mvutaji wa karasha anaingiza vumbi huku amemfukuza mfagiaji. Sigara nayo kwa upande wake inaongeza hatari ya kifua kikuu na ya saratani. Hizi ni hatari zinazobebana.

Ndiyo maana swali la mdogo wangu si la fasheni. Kwake kuacha sigara kuna uzito kuliko kwa mtu anayekaa ofisini.

Je, vepu inasaidia kuacha?

Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la watu wazima 886 waliotaka kuacha sigara. Nusu walipewa bidhaa za nikotini za kawaida, kama bandeji na ubani. Nusu nyingine walipewa vepu ya kujaza. Wote walikutana na mshauri kila wiki kwa angalau wiki nne. Baada ya mwaka, walioacha sigara kabisa walikuwa asilimia 18.0 upande wa vepu na asilimia 9.9 upande mwingine. Karibu mara mbili.

Usiishie hapo, soma namba hizo tena. Kati ya watu 100 waliopewa vepu, 82 hawakufanikiwa. Na miongoni mwa waliofanikiwa, wanne kati ya watano walikuwa bado wanatumia vepu mwaka ulipokwisha. Wameacha moshi, hawajaacha nikotini. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linasisitiza kwamba vifaa hivi si salama na linahofia vijana wanaoanzia kwenye vepu bila kuwahi kuvuta sigara. Pande zote mbili zina hoja: kimoja ni kifaa cha mvutaji kutokea, kingine ni mlango wa asiyevuta kuingilia, na ni kidude kilekile.

Jambo lingine: washiriki wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuvuta vumbi la kwazi kazini. Kwa hiyo mtu asikwambie vepu ni salama kwa mapafu ya mgodini. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kwa anayevuta, kuhama *kabisa* kunampunguzia sumu za moshi. Neno ni kabisa. Ukivuta fegi tano na vepu juu yake, moshi bado unaingia.

Sasa, kipi?

Kama umeamua, mambo ya kuangalia ni manne.

*Aina.* Kuna vya kutupa, unavuta vikiisha vinatupwa na betri yake. Kuna vya kujaza vyenye kikasha kidogo cha kubadilisha. Na kuna vikubwa vya mawingu mazito. Anayeanza achukue cha kujaza, kidogo. Ndiyo aina iliyotumika kwenye jaribio nililotaja, na inakuruhusu kushusha nikotini taratibu. Vya kutupa Uingereza yenyewe ilipiga marufuku kuviuza kuanzia Juni 1, 2025, kwa sababu ya taka na ya watoto.

*Ukinzani wa koili.* Hii ni fizikia ya sekondari. Nguvu ni volti mara volti, gawa kwa ukinzani. Betri ni volti 3.7. Koili ya omu 1.0 inakupa wati 13.7. Koili ya omu 0.2 inakupa zaidi ya wati 68: joto kubwa, kimiminika kinaisha haraka, betri inachoka. Anayeanza achukue omu 0.8 kwenda juu. Ni nafuu na ni baridi zaidi.

*Nikotini.* Soma miligramu kwa mililita. 20 ni sawa na asilimia 2, na ndiyo kikomo cha kisheria Uingereza na Umoja wa Ulaya. Kikasha cha mililita 2 kwa kiwango hicho kina miligramu 40. Kile cha “asilimia 5” kina 100. Mvutaji wa sigara kwa kawaida anapata kama miligramu 1 hadi 1.5 kwa sigara moja. Ukianza chini mno utarudi dukani kununua fegi. Ukianza juu mno unajiongezea utegemezi. Kwa sigara kumi kwa siku, hakuna sababu ya kwenda juu ya 20. Na usihangaike na idadi ya mivuto iliyoandikwa kwenye boksi, kila mtu anavuta kwa urefu wake.

*Kimiminika kinatoka wapi.* Mwaka 2019 Marekani ililipukiwa na ugonjwa wa mapafu wa ghafla. Hadi Februari 18, 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi, vingi vya mtaani. Somo: kimiminika kisicho na lebo, au kilichochanganywa na “fundi”, kiache.

Hesabu ya mfuko

Bei nitakazoandika ni za mfano, weka za dukani kwako. Tuseme cha kutupa ni 20,000 na kinadumu siku kumi: kwa mwezi 60,000. Tuseme cha kujaza ni 45,000 mara moja, kisha kila mwezi kimiminika 24,000 na koili 12,000, jumla 36,000.

Mwezi wa kwanza cha kujaza kinakula 81,000, cha kutupa 60,000. Mwezi wa pili jumla ni 117,000 dhidi ya 120,000. Mwezi wa tatu ni 153,000 dhidi ya 180,000. Elfu thelathini ya mdogo wangu inanunua kile kinachoonekana rahisi, ambacho mwishoni ni ghali.

Na kama fegi ni shilingi 200, kumi kwa siku ni 60,000 kwa mwezi. Akivuta zote na vepu ya kujaza juu yake, analipa 96,000 kwa mapafu yaleyale. Nani anashinda hapo?

Kazini na nyumbani

Kuna ya kwetu. Betri ya lithiamu ikipondwa, ikilowa au ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka. Usiingie nayo kwenye duara, na usiisogeze kabisa palipo na baruti. Usiiache juani kwenye bodaboda, usiichaji usiku chini ya mto, wala kwa chaja ya kuokoteza kwenye jenereta linalopandisha na kushusha umeme. Usiishike na mikono yenye vumbi la karasha ukaipeleka mdomoni. Kimiminika kifungie mbali na watoto. Kina harufu ya pipi, lakini mtoto akikinywa ni sumu.

Na wanaosafiri: Uganda ilipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, hivyo ukivuka Mutukula usibebe. Kwetu pia, asiye na miaka 18 asiuziwe tumbaku.

Nilichomwambia

Nilimpigia simu nikampa kwa mpangilio. Kwanza kikohozi: kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kupima na dawa ni bure. Pili vumbi: mwaga maji kwenye mawe kabla ya kusaga, na tafuta barakoa halisi ya vumbi, si kitambaa. Tatu sigara: uliza famasi au zahanati kama kuna bandeji au ubani wa nikotini, na panga tarehe ya kuacha. Vepu ni ya nne, ikiwa hayo yameshindikana, na ni daraja, ukishavuka unashuka.

Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo dada, ile elfu thelathini?”

Nikamwambia barakoa kwanza.

“Na nikiacha tu, bila kununua chochote?”

Wapo wengi wanaoacha hivyo, wengine baada ya kujaribu mara tatu nne. Hiyo ndiyo bei ya chini kuliko zote. Ameniambia ataanza Jumatatu, na kwamba nimpigie Jumanne. Nitapiga.