Tawi au kampuni tanzu? Amua kabla ya kuvuka mpaka

MFANYABIASHARA anayekusudia kuvuka mpaka hukabiliwa na swali ambalo wengi hulipuuza: je, afungue tawi au aunde kampuni tanzu?

Tawi halina nafsi yake kisheria. Likidaiwa Kampala au Kigali, anayedaiwa hasa ni kampuni iliyolianzisha, na mali yake ya Nairobi yaweza kuguswa. Kampuni tanzu husajiliwa katika nchi mwenyeji kama kampuni kamili. Ikifilisika, kwa kawaida kampuni mama hupoteza mtaji iliouweka tu, ila kama iliyadhamini madeni.

Kodi nayo ina uzito wake. Awali, Kenya ilitoza matawi ya kampuni za kigeni asilimia 37.5 ya faida, huku kampuni za humu nchini zikilipa asilimia 30. Tangu Januari 2024 viwango hivyo vimelingana, lakini tawi hutozwa asilimia 15 zaidi kwa faida inayohesabiwa kuhamishwa nje.

Benki ya KCB iliingia Tanzania mwaka 1997 kupitia kampuni tanzu, kisha ikaenea kwa majirani wengine. Januari 2016, shughuli zake za Kenya zilitengwa katika KCB Bank Kenya, nayo KCB Group ikabaki kampuni mama isiyohudumia wateja moja kwa moja.

Kampuni tanzu ina gharama: bodi, leseni na ukaguzi wa hesabu. Hata hivyo, anayekwepa gharama hizo akumbuke kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta.