Nguo ya Njiani na Nguo ya Kufikia
Mfululizo wa afya ya moyo, sehemu ya nne

Novemba 1857, msafara wa Richard Burton na John Speke ulipokaribia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, watu waliingia mjini wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote. Wiki nyingi porini walikuwa wametembea na vitambaa vichakavu vilivyofungwa viunoni, huku mpagazi wa Kinyamwezi akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, pengine majora ya merikani ambayo mwenyewe hakuthubutu kuyavaa. Kila mzoefu wa njia ile alijua kuwa kuna nguo ya kutembelea na kuna nguo ya kufikia.

Siku hizi mambo yamepinduka. Mtu wa Tabora akipewa rufaa kutoka hospitali ya Kitete kwenda kupimwa moyo, hospitali ya Bugando, Dodoma au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, ndugu humwandalia nguo ya kufikia: suti, kanzu iliyopigwa pasi, gauni la kitenge lililobana kiuno. Heshima hiyo naielewa. Lakini kama kipimo chenyewe ni kile cha kutembea juu ya mkanda, tulichokitaja juma lililopita, hospitali siyo mwisho wa safari. Safari inaanzia palepale kwenye mashine.

Utaratibu unaotumika sana ulibuniwa na daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, ukachapishwa mwaka 1963. Mkanda huanza kwa kasi ya kilomita 2.7 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Kila baada ya dakika 3 huongeza kasi na mwinuko: hatua ya pili ni kilomita 4 kwa saa, ya tatu 5.5. Kasi hizo hazitamtisha mtu aliyezoea kutembea. Kinachomshangaza ni mwinuko, ambao huanza na asilimia 10, ukapanda hadi 12, kisha 14. Mji wetu ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Miguu ya hapa haina mazoea na kilima kisichoisha. Suruali ya jinzi iliyobana mapaja, au sketi nyembamba, itamzuia mtu kunyanyua goti. Atasema amechoka na mkanda utasimamishwa kabla moyo haujafika pale daktari anapotaka. Kwa kawaida hulengwa asilimia 85 ya 220 ukitoa umri. Mwenye miaka 50 atatafutiwa mapigo kama 145 kwa dakika. Akishindwa kufika huko kwa sababu ya sketi, majibu yatakuwa nusunusu na huenda akarudishwa kupimwa tena, nauli juu yake.

Kuna sababu nyingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Kifuani na tumboni hubandikwa vibandiko 10 vyenye nyaya za kupokea umeme wa moyo. Umeme huo ni mdogo mno: kwenye karatasi ya mashine, milivolti 1 huchorwa kwa urefu wa milimita 10. Dalili ya kwamba msuli wa moyo unakosa damu ya kutosha inaweza kuwa ni sehemu ya mstari kushuka milimita 1 tu. Sasa fikiria shati zito la nailoni linalosugua nyaya kila hatua, au cheni ya shingoni inayogonga kibandiko. Mstari unatikisika kuliko hiyo milimita inayotafutwa, na daktari anabaki kusoma nguo badala ya kusoma moyo. Kwa hiyo vaa shati jepesi la pamba, lenye vifungo mbele na mikono mifupi, kwa sababu mkononi pia utafungwa kipimo cha presha. Cheni na bangili ziache nyumbani.

Akina mama wengi huulizia jambo hili kwa kunong'ona, nami sioni la kuficha. Vibandiko vinne huzunguka chini ya titi la kushoto kuelekea kwapani. Sidiria yenye waya huvisukuma, laini isiyo na waya haina shida sana, ingawa vyumba vingine hutaka ivuliwe, ulizia mapema. Baibui na gauni refu ni hatari kwenye mkanda unaokwenda, kwani pindo likikanyagwa mtu huanguka. Suruali pana chini, blauzi ndefu ya kufika magotini inayofunguka mbele, na hijabu fupi isiyofunika kifua wakati wa kubandika, vinatosha kuhifadhi stara. Kumwomba mhudumu wa kike nako ni haki yako, ila liseme siku unayopangiwa tarehe, usisubiri uwe umeshavua.

Miguuni, raba. Kandambili, makobazi na yeboyebo huchomoka, na viatu vya kisigino sitavijadili. Raba ziwe zile ulizokwisha kuzivaa. Mpya kutoka dukani zitakuchubua kabla ya dakika ya sita.

Asubuhi ya kipimo oga, lakini usijipake mafuta kifuani wala poda, maana vibandiko havitashika, na jasho likianza vitadondoka kimoja kimoja. Wanaume wenye nywele kifuani watanyolewa sehemu chache. Wasinyoe wenyewe usiku kwa wembe. Ngozi iliyochanika huwasha ikisuguliwa kwa spiriti.

Mwisho ni suala la begi. Ukisafiri kwa basi, usiweke raba na shati hilo kwenye mzigo unaoingia buti, maana mizigo hiyo huchelewa, na mingine huteremshwa kituo kisichokuwa chake. Beba mkononi, pamoja na khanga au taulo na nguo ya kubadili, kwani utatoka umelowa. Suti au kitenge kile kizuri nacho kiweke humo, utakivaa ukishapimwa.

Juma lijalo: kahawa, chakula, na dawa za presha ambazo mgonjwa hapaswi kuziacha kabla ya kipimo bila kauli ya daktari wake.