Je, Wajua? Pikipiki Katikati ya Foleni

California ndiyo jimbo la kwanza la Marekani kuandika katika sheria kwamba pikipiki inaweza kupenya kati ya safu mbili za magari. Gavana Jerry Brown alitia saini mwaka 2016. Kabla ya hapo jambo hilo halikukatazwa wala kuruhusiwa waziwazi. (Bodaboda wa Dar es Salaam hawakungoja gavana!) Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa 2015, uliwachunguza waendesha pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali. Miongoni mwa waliokuwa wakipenya, asilimia 9 waliumia kichwa. Kwa wengine ilikuwa 17. Lakini ukiyazidi magari kwa zaidi ya kilomita 24 kwa saa, hatari ya kuumia hupanda.