Kipindi cha dini na mtoto asiye na kanisa wala msikiti

Katika shule za serikali Tanzania Bara, kipindi cha dini huendeshwa na dini zenyewe. Shule hutoa nafasi kwenye ratiba na vyumba vya madarasa. Katekista, mwinjilisti, mchungaji au ustadhi huja kufundisha. Wanafunzi hugawanyika: Wakatoliki darasa hili, Walutheri lile, Waislamu jingine, na vyumba visipotosha kuna kivuli cha mti. Msingi wa utaratibu huo ni Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977, katika sura ya haki za binadamu iliyoongezwa mwaka 1984. Ibara hiyo inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha, na inaiacha kazi ya kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini.

Kipindi hiki kisichanganywe na somo la mtihani. Baraza la Mitihani hutahini maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu katika kidato cha nne, na anayeyasoma masomo hayo hupimwa kwa alama. Kwenye kipindi cha dini anayelengwa ni muumini.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro ndiko utaratibu huu unakojaribiwa kweli. Upande wa Karatu, Wairaqw wengi ni Wakatoliki au Walutheri na mgawanyo wa madarasa hauleti shida. Shida huanza kwa watoto wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wa Wadatoga, wa Wamasai wanaomwomba Engai, na wa Wabatemi wa tarafa ya Sale, ambao mila yao humheshimu Khambageu. Familia hizo zina imani, tena zingine ni za kale kuliko kanisa lolote la wilayani, ila hazina katekista wa kumtuma shuleni. Kengele ya kipindi inapolia, mtoto wa aina hiyo hupelekwa lilikoenda kundi kubwa. Kwa kawaida hakuna aliyekusudia kumgeuza. Mwalimu wa zamu hataki tu kuona mtoto anazurura uwanjani.

Kwamba darasa lina nguvu ndogo ya kugeuza mioyo kuliko inavyodhaniwa, ushahidi upo Loliondo, ndani ya Ngorongoro penyewe. Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, alikuta misheni ya hapo ina shule nne na hospitali ndogo. Mei 1966 alimwandikia askofu wake kwamba hakuna mtoto Mkatoliki aliyeendelea kushika dini baada ya kumaliza shule. Aliomba aachane na shule aende kwenye maboma kuzungumza na watu wazima juu ya Mungu, wakatae au wakubali wakiwa na akili zao. Habari hiyo aliieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1978. Miaka michache baada ya barua ile, Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na mashirika ya dini yakabakiwa na nafasi ya kufundisha waumini wao.

Kwingineko kumechaguliwa njia tofauti. Zanzibar imeweka dini ya Kiislamu ndani ya mtaala wa shule zake za serikali, na Kenya ina masomo ya dini ya Kikristo, Kiislamu na Kihindu yenye mitihani. Marekani, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku mwaka 1962 sala iliyotungwa na serikali kusomwa katika shule za umma. Bara imekaa katikati, na ukaaji huo unategemea sana busara ya mwalimu mkuu.

Busara hiyo hupungua pale mwalimu wa Hisabati au wa Historia anapoanza kuhubiri ndani ya kipindi chake. Hapo hakuna mgawanyo wala hiari, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuondoka darasani, na anayehubiri ndiye anayesahihisha daftari lake. Jambo hilo ni zito zaidi katika shule za bweni, ambazo wafugaji wengi huzitegemea kwa umbali wa maboma: mzazi yuko mbali, hasikii kinachosemwa. Hata hivyo, mwalimu anayeeleza Uislamu ulivyofika pwani au wamisionari walivyoingia Umbulu hahubiri, na mzazi asimkamie kwa hilo. Watoto wanahitaji kujua majirani zao wanaamini nini.

Mzazi asiyetaka mwanawe afundishwe dini ya wengine amwambie mwalimu mkuu, ikiwezekana kwa barua fupi, na aeleze mtoto afanye nini wakati huo: asome maktaba, amalizie kazi za darasani, au akae na kundi fulani kwa ridhaa yake. Ombi lake lisipotekelezwa, alifikishe kwenye kamati ya shule, kisha kwa Afisa Elimu Kata. Kamati nazo zisingoje malalamiko. Kila mwanzo wa mwaka ziulize ni watoto wangapi hawana kundi, na ni nani atakayekaa nao.