Majongoo wa Spishi Tatu Katika Tangi Moja

Mvua za vuli zikishakolea Nairobi, majongoo hutoka. Hupanda kuta za nyua za Kilimani, huvuka vijia vya Arboretum, hujikunja chini ya vyungu vya maua kule Karen. Wenyeji wengi huwafagia nje. Ulaya na Marekani, hata hivyo, kuna watu wanaowanunua kwa fedha nzuri na kuwafuga ndani ya matangi ya vioo, na anayetamaniwa kuliko wote ni wa pwani yetu: jongoo mkubwa wa Afrika, *Archispirostreptus gigas*, anayeweza kupita sentimita 30 kwa urefu. Mfugaji akishamzoea huyo, kwa kawaida hutamani kumwongezea wenzake wa spishi nyingine.

Kwa mtazamo wa juujuu, hakuna kizuizi. Jongoo si tandu. Tandu huwinda na ana sumu ya kuulia mawindo, naye hafai kuwekwa na kiumbe yeyote aliyetajwa hapa. Jongoo hula majani na miti iliyooza, na majongoo wa spishi tatu tofauti hupishana juu ya gogo moja bila ugomvi. Mfugaji akiona hivyo huridhika, kumbe ushindani wao uko chini ya udongo, mahali asipopaona.

Huko ndiko jongoo anakojivua gamba. Hujichimbia chumba kidogo, akajikunja humo akiwa laini na asiyeweza kujitetea, hadi gamba jipya ligande. Kisha hulila lile la zamani ili kurudisha madini ya kalisi. Jongoo mwingine akipitisha handaki lake katika chumba hicho, aliyemo anaweza kuumia au kufa. Kwa hiyo udongo wa kina kifupi ukiwa na wakazi wengi ni hatari hata kama chakula kimejaa. Kipimo wanachokitumia wafugaji wengi ni kwamba kina cha udongo kisipungue urefu wa mnyama mkubwa kuliko wote aliyemo. Spishi zikiongezeka, kina na upana navyo viongezwe.

Udongo wenyewe ndio chakula. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, na anayemfuga hana budi kumweka pamoja na mti wake: mbao nyeupe zilizolainishwa na kuvu, majani makavu ya miti ya majani mapana, mboji, na maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ajili ya kalisi. Majani ya mikaratusi na misaiprasi, yaliyotapakaa vitongoji vya magharibi, yaachwe kwa sababu ya mafuta na utomvu wake. Vivyo hivyo majani kutoka bustani zinazopuliziwa dawa za wadudu.

Hali ya hewa nayo huchuja nani akae na nani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Jongoo mkubwa wa pwani hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 28. Ukimpashia joto yeye, jongoo wa nyanda za juu aliyezoea ubaridi huteseka. Ukimwachia huyo ubaridi wake, yule wa pwani huzubaa na kuacha kula. Majongoo wanaofaa kuchanganywa ni wale wanaotoka mazingira yanayofanana kwa joto na unyevu.

Jambo jingine ni kemia. Majongoo wengi wa mviringo hujikinga kwa majimaji yenye benzokwinoni, ambayo huacha madoa ya kahawia kwenye vidole na huwasha macho. Majongoo bapa wa oda ya Polydesmida hutoa hidrojeni sianidi. Porini gesi hiyo hutawanyika. Ndani ya tangi dogo lililofunikwa kabisa, inaweza kuwadhuru majirani. Matundu ya hewa ni ya lazima, na majongoo bapa ni heri wapewe makao yao.

Kabla ya yote hayo kuna sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwahusu ndovu na simba tu. Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wanaume wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kunaswa na maelfu ya malkia wa chungu wavunaji waliokusudiwa kuuzwa nje kama wanyama wa kufugwa. Anayetaka kufuga au kuuza majongoo aanzie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Njia halali ipo: tangu 1993, wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo.

Uzazi ndio unaoleta utata mkubwa zaidi. Dume hutambulika kwa pingili ya saba: mahali pa miguu pana viungo vya kupitishia mbegu, hivyo ukimtazama ubavuni utaona pengo. Umbo la viungo hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi, na ni nadra wa spishi mbili kuzaa pamoja. Tatizo huja baadaye. Jike hutaga udongoni, na watoto huanguliwa weupe, wenye jozi tatu tu za miguu, wakiongeza pingili kila wanapojivua gamba. Katika umri huo huwezi kujua yupi ni wa nani. Spishi inayozaa haraka hujaza tangi, hula mboji yote, na miaka miwili baadaye ile inayozaa polepole imetoweka bila mwenyewe kujua ilianza kupungua lini.

Ndiyo maana wafugaji makini huipa kila spishi tangi lake la kuzalia, lenye jina na tarehe ubavuni. Tangi la mchanganyiko huwekwa sebuleni kwa ajili ya kutazamwa, na humo huingizwa madume waliokomaa peke yao.