Jeshi Lisiloonekana Chini ya Mahindi na Maharagwe

Askari na polisi wengi wa Uganda ni wakulima pia. Iko bustani nyuma ya nyumba ya kambini, na liko shamba la kijijini ambalo mtu hulitegemea siku atakapovua sare. Humo mahindi na maharagwe hupandwa pamoja, kama walivyofanya wazee. Wazee hawakukosea, na sayansi imekwisha kueleza sababu.

Hewa tuivutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifaulu kuwatenga bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde. Bakteria hao huigeuza naitrojeni kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa sukari. Ng'oa mharagwe mmoja taratibu wakati wa maua, ukipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kazi.

Mahindi hayana vinundu. Faida yake kubwa huja msimu ufuatao, mizizi ya maharagwe ikisha kuoza. Tena ziko kuvu zenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo huingia katika mizizi ya mazao yote mawili na kuiletea fosforasi kutoka mahali isikofika yenyewe.

Mashariki mwa nchi yuko adui aitwaye kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE huko Mbita, Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walionyesha kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hulishinda. Mizizi yake hutoa kemikali ziamshazo mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisiunganike na mahindi. Gugu hufa kwa njaa.

Basi tujiepushe na mambo matatu: kuyamwagia maharagwe mbolea nyingi ya naitrojeni, kwani vinundu hupungua, kung'oa mashina na mizizi wakati wa mavuno badala ya kuyakata, na kuchoma mabaki. Afanyaye hayo huwafukuza watumishi wasiodai mshahara, kisha hutoa mshahara wake mwenyewe kununua walichokuwa wakimpa bure. Maafisa wasimamiao mashamba ya vikosi wawaeleze hayo askari wao na jamaa zao kabla mvua hazijaanza.